Nia Niliyoibakiza

Jumamosi, 5 Novemba

Uji saa moja. Vidonge vya presha. Kumgeuza Baba Deo ubavu, kumfuta, kumpaka mafuta mgongoni asichubuke. Kisha cherehani. Bomba halijatoa maji tangu Jumatano, nimenunua madumu ya mkokoteni. Maji yenyewe yana chumvi.

Leo tumeanza maandalizi. Siku thelathini na tatu, halafu tarehe nane Desemba, sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, tunajiweka wakfu kwa Mama Maria. Kikundi chetu cha rozari hapa Nkuhungu karibu wote tumejiandikisha. Anatufundisha Mama Fulgensia. Mwalimu mstaafu, bado anashika chaki hata pasipo na ubao. Mimi nimepewa kazi ya kushona mitandio ya bluu.

Amesema anayejiweka wakfu anampa Mama Maria vyote. Mwili, nyumba, watoto. Hata sala zake. Ukishajitoa, huchagui tena rozari yako imsaidie nani. Mama ndiye anayegawa, atampa anayemtaka, pengine mtu wa Ujerumani usiyemjua. Wenzangu wameitikia amina. Mimi nimenyamaza.

Mimi nina nia moja. Baba Deo aseme neno moja kabla hajafa, amwondolee mtoto neno alilomtamkia. Nasalia hiyo tangu kiharusi kimwangushe mwezi wa nne. Sasa nimpe mtu wa Ujerumani?

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Vyote nitatoa. Hiyo naibakiza.

Jumapili, 6 Novemba

Deo amepiga simu kutoka Kibakwe baada ya Misa. Neema, mkewe, ni mjamzito tena. Mwezi wa saba. Walinificha mpaka leo. Siwalaumu. Mimba mbili zimeshaharibika, hata mimi ningeficha.

Nilikuwa namnywesha baba yake maji. Nikaweka simu sauti ya juu, nikaisogeza sikioni mwake. Deo akasema, "Shikamoo baba. Neema ana mimba. Tunaomba mtuombee." Basi. Baba Deo akanitumbulia lile jicho lake zima, shavu moja likamvimba, akanitemea maji yote. Usoni, shingoni, kanga chapachapa.

Nikakata simu. Nikampigia Deo baadaye, nikamwambia mtandao ulikatika.

Nimelia kwa hasira. Nusu ya mwili imekufa, chuki bado nzima. Hata mjukuu ambaye hajazaliwa anamtemea mate. Nimemfuta kidevu, nimefuta sakafu, nimeanika kanga.

Jumanne, 8 Novemba

Rozari ya matendo ya uchungu. Mawazo yote shambani.

Baba Deo alipanda mizabibu yake Mpunguzi mwaka niliomzaa Deo. Aliipogoa mwenyewe, hakuna kibarua aliyegusa mkasi wake. Halafu wanunuzi wakapotea, zabibu zikaozea kwenye matawi msimu baada ya msimu. Akaenda Haneti kwao, kwenye msiba, akakaa wiki. Huku nyuma Deo akaleta watu na mashoka. Waling'oa shamba zima na kuchoma, apande alizeti. Alidhani anamsaidia baba yake. Kichwa kigumu kamrithi huyohuyo, ndiyo taabu yenyewe.

Baba Deo aliporudi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisimama kwenye majivu akasema, "Utakachopanda kisiote." Mara moja tu. Akaenda kunawa mikono, akaomba chakula.

Alizeti haikuota. Mvua ilikuwa mbaya mwaka ule, hata ya jirani haikuota, lakini nani anakumbuka ya jirani? Deo akahamia Kibakwe, milimani kwetu, kwa wajomba zake. Kule ukitema mbegu ya papai unapata mpapai. Vitunguu vyake vikaoza ardhini. Kisha mimba ya kwanza. Kisha ya pili. Kisha baba yake akaanguka bafuni na ulimi ukafa.

Neno liko hewani, na aliyelirusha ndiye wa kulishusha. Namwomba Mama Maria ulimi tu. Siombi miguu wala mkono. Ulimi, wa dakika moja.

Najua Mkristo haogopi laana. Mimi naogopa.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimemjaribu. Si vizuri kumjaribu mgonjwa lakini nimemjaribu.

Anashika kikombe mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Anavuta maji kinywani, ananitazama, anasubiri. Nikisema habari ya umeme au ya majirani, anameza, mengine yanamchuruzika pembeni. Nikisema Deo, anatema. Nikisema Neema, anatema. Yote kwangu, mpaka kifuani. Halafu anafumba jicho kama mtu aliyemaliza kazi.

Nimemwambia, "Mzee, una roho mbaya." Nikajuta. Nikasema tena.

Jumatatu, 14 Novemba

Kliniki. Kumpakia kwenye bajaji ni kazi ya watu watatu, tulikuwa wawili.

Nimemweleza nesi habari ya kutema maji. Msichana mpole. Anasema ni misuli ya koo, wagonjwa wa kiharusi wengi wako hivyo. Maji matupu ni mepesi, yanaweza kuingia mapafuni. Kuanzia leo asipewe maji matupu. Kila kitu kizito: uji, mtindi, maji yenyewe yakorogwe na unga kidogo. Kijiko kwa kijiko.

Nimeshusha pumzi. Kumbe si chuki, ni koo. Njia nzima kurudi nilimshika mkono.

Jioni aliunyoosha ule mkono wa kushoto kutaka kikombe. Nikakiweka dirishani, mbali. Nikamwambia, "Hapana Baba Deo, yatakupalia." Akaendelea kuunyoosha. Mpaka ulipochoka ukaanguka.

Alhamisi, 17 Novemba

Kikundi kimesalia hapa kwangu. Akina mama walijaa sebuleni mpaka barazani kwenye cherehani. Wiki hii ni ya kuukana ulimwengu. Mama Fulgensia amefundisha kuhusu mila. Matambiko, makafara, kutemeana maji, kufunga watoto kamba za kinga. Amesema siku hizi za maandalizi kisiingie hata kimoja chini ya paa la anayejiweka wakfu, maana kikiingia kimoja wakfu wote umeharibika. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Samaki wenyewe hapa Dodoma tunawaona wakiwa wakavu, ila nimeelewa.

Kabla ya kuondoka alikizunguka chumba cha mgonjwa kwa macho, kona mpaka kona, kama anayekagua bweni. Hakukuta kitu. Nikajisikia kusifiwa. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli.

Baba Deo hakuutaka uji. Aliulizia maji, kwa mkono.

Jumamosi, 19 Novemba

Leo nimemfukuza mzee mlangoni.

Ndahani, kaka mkubwa wa Baba Deo. Amekuja kutoka Haneti kwa basi la alfajiri. Kofia, fimbo, na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Nilikuwa napiga pasi mitandio. "Mbukwenyi," akasalimu getini kwa Kigogo. Nikamkimbilia, nikapiga goti, shikamoo shemeji. Nilifurahi, kweli. Tangu Pasaka alikuwa hajaja.

Hakukaa. Akasema amekuja kuiondoa ile kauli. Nikamwambia ndugu yako hasemi. Akacheka kidogo. Akasema, "Shemeji, nani anataka aseme? Kwetu baba hamwondolei mtoto kwa hotuba. Anachukua maji kinywani, anamtemea kifuani, imekwisha. Mdogo wangu Yohana mdomo anao. Mimi nitamshikia kidevu." Maji yalikuwa kwenye kibuyu, ya kisima cha baba yao. Na alishampigia Deo. Deo angefika kesho.

Moyo ulinipasuka pande mbili. Upande mmoja ulitaka kumbeba mzee huyu mgongoni mpaka kitandani. Upande wa pili ulimwona Mama Fulgensia akikagua kona. Jambo la kutemeana maji alilitaja kwa jina lake, juzi tu, kwenye kiti kilekile ninachomwekea mzee. Na nikawaza: mimi ninamwomba Mama ulimi, nusu ya safari nimefika. Nikiingiza kibuyu leo nitakuwa nimemwambia simwamini. Atanifungia mlango. Na kuna nesi pia. Maji yatampalia.

Nikasema, "Karibu ndani umwone ndugu yako. Ila kibuyu kibaki nje."

Akasema, "Maji ya baba yangu yabaki nje kama mbwa?" Hakuingia. Hakumwona ndugu yake. Alikiweka kibuyu begani akageuka, na mimi nikabaki nimeshika geti. Ndani Baba Deo aliisikia sauti yake. Alikuwa anagonga ukuta kwa ngumi ya kushoto. Niliporudi chumbani jicho lake lilikuwa jekundu.

Nimempigia Deo. Nimemwambia usije. Baba yako atasema mwenyewe, namsalia, subiri kidogo. Deo akasema, "Sawa mama." Hajawahi kuniambia sawa kwa urahisi namna hiyo.

Jumapili, 20 Novemba

Nimemweleza Mama Fulgensia baada ya Misa. Akanikumbatia mbele za watu. Akasema hiyo ndiyo imani, nimeshinda jaribu. Wenzangu wakanipa mikono.

Sijisikii mshindi. Chakula kimenishinda.

Jumanne, 22 Novemba

Hataki uji. Meno yamebana. Mtindi kaupokea vijiko vitatu, cha nne akakiachia kitiririke. Nimemsemesha habari ya Deo nione, akafumbua mdomo haraka, akaufumbua kabisa, akasubiri mdomo ukiwa wazi. Nikamwekea uji. Akageuka ukutani.

Joto halifai. Mawingu yanakuja mpaka mlima ule wa upande wa pili, yanarudi.

Ijumaa, 25 Novemba

Homa. Kifua kinakoroma. Daktari wa zahanati amekuja, ameandika sindano, anasema ni kujiandaa. Nani, mgonjwa au mimi?

Paroko amempa mpako wa wagonjwa. Mama Fulgensia alikuwepo, akishika mshumaa. Nilitaka kumuuliza Paroko habari ya kibuyu. Nikamtazama Mama Fulgensia nikanyamaza. Mdomo nilikuwa nao. Sikuutumia.

Nimesali rozari nzima kando ya kitanda. Nimemwambia Mama: neno moja. Hata "haya" tu inatosha.

Jumapili, 27 Novemba

Majilio yameanza. Sikwenda kanisani. Nimemlowanisha midomo kwa pamba. Aliinyonya ile pamba kama mtoto mchanga, nikaogopa, nikaiondoa.

Jumanne, 29 Novemba

Baba Deo amefariki leo asubuhi. Hakusema.

Ijumaa, 2 Desemba

Tumemzika jana Haneti. Vumbi. Watu wengi, Wakristo na wa mila na jirani zetu Waislamu waliokodi gari kabisa. Ndahani aliongoza kila kitu. Aliniita shemeji kama kawaida. Hakunitazama machoni.

Deo alikuja. Amekonda. Alisimama kwenye ua wa miti, mbali na kaburi. Ulipofika wakati wa watoto kutupa udongo nilimfuata, nikamvuta mkono. Akajivuta polepole. Akasema, "Mama, mimi nikifukia kitu hakioti. Waache wengine wamzike." Katekista alikuwa ametoka kusoma kwamba mwili hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa bila uharibifu. Deo alimsikiliza mpaka mwisho, kumbe.

Nilirudi kaburini nikatupa udongo wangu. Kisha nikatupa na wa Deo. Hakuna aliyeniuliza.

Jioni Deo akaondoka. Neema haachwi peke yake sasa. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua pa kushika.

Jumatatu, 5 Desemba

Nimeenda kwa Paroko. Peke yangu safari hii. Nikamweleza kibuyu chote.

Alinisikiliza akikunja ncha ya karatasi. Akauliza, "Kuna mizimu iliyoitwa? Kuna kuku, kuna damu?" Hakuna, Padri. Maji tu na kinywa cha baba. Akasema, "Mama Deo, baraka ya mzazi ni baraka. Hata mimi marehemu babu yangu alinitemea maji siku naingia seminari. Nani alikuambia ni dhambi?"

Sikumtaja. Ingefaa nini? Siwezi kusema nilidanganywa. Nilifundishwa nikapenda, kwa sababu niliambiwa mimi ni mwema.

Akasema, "Ungeniuliza." Kwa upole. Afadhali angenichapa.

Alhamisi, 8 Desemba

Nilikwenda. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu mitandio niliishona mimi. Wenzangu bluu na nyeupe, mimi nyeusi ya msiba na mtandio juu. Wangu sikuumalizia pindo.

Tulipiga magoti tukasema ile sala kwa pamoja, mishumaa mkononi. Mwili wangu, nikasema. Nyumba yangu, nikasema. Tulipofika mahali pa kuzitoa hata sala zetu na nia zetu, nikafumba mdomo. Wengine waliendelea. Sauti yao ilinipita kama gari.

Si kwamba niliibakiza tena. Ya nini? Aliyetakiwa kusema amekufa. Nilifumba kwa hasira. Nilimtazama Mama Maria pale juu na maua yake ya plastiki, nikamwambia rohoni: nilikuomba dakika moja. Mimba ya Neema iko mwezi wa nane, neno bado liko juu yake. Wewe nawe ni mama. Ulishindwa nini?

Wamepiga picha. Nimo, pembeni. Mama Fulgensia amenibusu shavu. Hajui kitu, maskini. Na yeye alifundishwa na mtu.

Jumapili, 11 Desemba

Niandike kwa utaratibu.

Ndahani amekuja leo. Ukoo umemtuma kuchukua nguo na fimbo ya marehemu, na kuniuliza kama nabaki hapa au nakwenda Haneti. Nikamwekea kiti. Nikamwomba radhi, kwa magoti, kabla hajakunywa chai. Akasema amekwisha kusikia. Maji yakimwagika hayazoleki. Akanywa.

Halafu akataka kujua siku za mwisho za ndugu yake. Alikula nini, alilala vipi. Ni haki yake, mimi ndiye niliyemzuia kuona. Nikamweleza yote tangu mwanzo wa Novemba. Nikafika kwenye simu ya Deo na maji usoni. Nikasema alikuwa na chuki mpaka kwa mjukuu, baadaye nesi akasema ni koo.

Mzee akashusha kikombe. "Alitema?"

Alitema.

"Kila wakati?"

Hapana. Nikitaja habari nyingine anameza. Nikimtaja Deo au Neema, anatema.

"Alikutemea wapi?"

Nikaonyesha. Uso, shingo, kifua.

Ndahani akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia. Akasema, "Shemeji. Yohana alikuwa anamwondolea mtoto. Alisikia sauti ya Deo kwenye simu, akadhani huo ndio wakati. Mtoto hayupo, mama yake yupo. Akatemea kwako."

Kisha akalia, mzee mzima, huku amekamata magoti yake.

Mimi sikulia. Niliinuka nikaenda kile chumba. Kitanda kimeshaondolewa godoro. Kikombe bado kiko dirishani nilipokiweka. Alikuwa anakidai kikombe siku zote zile. Alikuwa anafumbua mdomo nimpe maji, mimi namwekea uji. Alikuwa akigonga ukuta kumwita ndugu yake mwenye maji. Mara ile ya kwanza, siku ya pili tu ya maandalizi, nilikuwa nimeshapewa. Niliomba ulimi nikapewa maji. Nikayafuta.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa, kwa tambara, nikayakamulia nje ya mlango.

Nimemuuliza Ndahani kama inahesabika ikimwangukia mama. Akafikiri. Akasema hajawahi kuona. Halafu akasema, "Mtoto alitoka wapi?" Sikujua kama ni jibu au swali.

Jumatatu, 12 Desemba

Nimewapa wateja nguo zao, zilizokwisha na ambazo hazijakwisha. Nimefunga cherehani. Nimetafuta ile kanga ya siku ya simu. Ipo, nimeivaa na kuifua tangu siku ile kama kanga nyingine yoyote. Nimeiweka kwenye mkoba. Hili si jambo la kusema kwenye simu, simu nilishaiharibu.

Jumatano, 14 Desemba

Kibakwe. Nilifika jana jioni, matope mpaka magotini. Huku mvua imeshaanza. Harufu ya nyumbani kwetu, na baba na mama hawapo.

Neema amevimba miguu, tumbo limeshuka. Aling'ang'ania kunipikia. Deo amepanda mahindi bondeni, hakuniambia, nimeona mistari. Sikuuliza kama yameota. Yeye hatazami upande ule. Anapita njia ya juu.

Nimewaambia leo jikoni, Neema akichambua maharage. Nimesema vibaya, nikianza katikati. Deo akauliza, "Siku ile ya simu?" Nikamwambia siku ile ya simu. Mtandao haukukatika, mwanangu. Baba yako alinilowesha, nikaona aibu kukuambia.

Akaniuliza kama nina uhakika.

Ningeweza kusema ninao. Mtoto mwenyewe alikuwa anautaka uhakika, uso wote ulikuwa unaomba. Nikamwambia sina. Mjomba... hapana, baba yako mkubwa, anasema hivyo. Nesi anasema koo. Mimi nilikuwepo tu, nikalowa.

Akatoka nje. Nilimsikia amesimama chini ya upenu muda mrefu. Kisha hatua zake zikateremka, njia ya chini, ya bondeni.

Nikabaki nimekaa kwenye kigoda. Nikaanza ile sala pale nilipoifumbia mdomo tarehe nane, kwa maneno yangu, moshi ukiniingia machoni. Nikamwambia Mama achukue na ile moja iliyobaki. Kumbe alikuwa ameshaigawa kabla sijaitoa, na mimi ndiye niliyesimama katikati na tambara. Achukue na rozari zote zile. Kama yupo mtu wa Ujerumani, ampe. Na Baba Deo ampe maji.

Hasira yangu haijaisha yote. Nimemwambia hilo pia.

Nikaitoa kanga kwenye mkoba, nikamwekea Neema mapajani. Nikamwambia ndiyo hii, ila nimeshaifua, nimeifua mara nyingi. Akaikunjua, akaitazama pande zote mbili. Akasema haidhuru mama, akajifunika tumbo, akaendelea na maharage.